Mkwe wa Miguu Minne

Jumatatu, 29 Juni 1970

Mkutano wa kijiji, saa nne asubuhi, katika banda la zamani la kufungia mboga. Baridi ya kung'oa meno. Ukungu uliingia hadi ndani. Mwenyekiti wetu Mzee Mussa alihutubia watu asiowaona.

Ajenda ya tatu: farasi. Mlowezi alipoondoka alituachia shamba, trekta bovu, kinanda kilichong'oka meno, na farasi aliyekamilika meno yote. Zamani aliitwa Baroni. Kamati ikasema jina hilo ni la kinyonyaji. Nilipendekeza aitwe Azimio, nikaambiwa nikae chini. Sasa anaitwa Umoja. Tangu abadilishwe jina ameng'ata watu wanne.

Rubeni, balozi wa nyumba kumi na jirani yangu (kwa bahati mbaya), alisimama akataka farasi apigwe risasi na zizi liwe ghala la viazi. Viazi vyake, naongeza mimi. Akafungua shati akaonyesha bega. Akina mama wakaguna. Ndipo nikasikia sauti ikisema kwamba farasi huyo anafundishika, kwa upole, si kwa fimbo, kwani fimbo ni mambo ya wakoloni. Makofi!

Ilikuwa sauti yangu.

Nikishapigiwa makofi sijui breki iko wapi. Nikasema nimefanya kazi kwa mlowezi miaka sita na farasi nawajua. Kazi nilifanya kweli. Nilikuwa karani wa mizani ya kabichi. Farasi nilimwona kila siku, kupitia dirishani.

Uamuzi: siku ya Saba Saba, Umoja abebe shogi, yale makapu mawili ya mgongoni, yamejaa kabichi, kutoka zizini hadi uwanjani mbele ya mgeni rasmi. Asipomng'ata mtu, ataishi, na mimi nitakuwa Msimamizi wa Usafiri wa Kijiji. Akimng'ata mtu mmoja tu, Bwana Nyama, yule afisa wa wanyamapori, anakuja na bunduki kesho yake.

Nilipomweleza mke wangu Efrazia aliacha kumenya viazi. Akasema mama yake ameleta salamu kutoka Mponde: atakuja Saba Saba kumwona mkwewe mwenye cheo. Mwezi uliopita nilimwandikia kuwa nimeshakuwa Msimamizi. Niliandika mapema kidogo.

Jina la mama mkwe huyo siliandiki hata hapa. Kwetu mkwe hatajwi, hatazamwi usoni, na mkikutana njiani unampisha, umeinama, umempa bega. Namwita Mama wa Mponde.

Jumanne, 30 Juni

Somo la kwanza, saa mbili asubuhi. Nilisimama mbele ya Umoja, nikamkazia macho kama mwanamume, nikanyoosha mkono na kumwambia onga makeo, salamu yetu ya asubuhi. Masikio yake yakalala nyuma. Akaning'ata mkono.

Sikumpiga! Upole. Nikakumbuka malezi ya kwetu: mtu akikasirika anapozwa. Hata mzee aliyekutukana hadharani unampelekea kitu, ndipo mzungumze. Nikampa karoti. Akala, akatulia. Nikanyoosha mkono tena. Akauma. Karoti. Akauma. Karoti. Kufika saa nne tulikuwa tumeelewana kabisa, na karoti kumi na mbili zimekwisha. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na hawakukosea.

Jenoveva naye alikuwepo, yule mjane anayemletea farasi majani. Mwanamke wa ajabu. Alisimama ubavuni mwa Umoja, uso ameuelekeza mlimani, robo saa nzima, hafanyi lolote. Kisha akamgusa bega, mara moja tu, akaondoa mkono, akaenda zake. Mvivu. Nikishapata cheo nitalishughulikia jambo hilo.

Rubeni alipita kunipa pole. Alipokuwa akinipa pole alikuwa anapima zizi kwa hatua.

Jumatano, 1 Julai

Gare, kwa miguu, kwenda na kurudi. Huko anaishi Mzee Danieli, aliyekuwa saisi wa mlowezi, mtunza farasi hasa, miaka ishirini. Ni baba yake Jenoveva. Nilificha mkono wenye bandeji mfukoni, lakini shikamoo ya mfukoni haipo. Nikautoa. Mzee akaitikia marahaba, akautazama, akasema anaona tumeshajuana.

Alinieleza mambo mengi, mengine wakati nakunywa uji. Kwamba Umoja hang'ati kwa ubaya, anang'ata kwa woga. Ngozi yake nyepesi na moyo wake mwepesi. Nisimjie usoni. Nisimkazie macho. Nisimame ubavuni, ningoje anizoee. Masikio yakilala nyuma, niache, nirudi baadaye. Pia alisema nisimlishe kwa mkono hata mara moja, atauona mkono kuwa ni sahani. Mzee amezeeka, masikini.

Lakini nilipokuwa naaga alinipa siri yote kwa neno moja. Alisema, mwendee kama unavyomwendea mkweo.

Nimeteremka na kupanda milima ile kama kijana. Mkwe! Mbona sikufikiri? Na kwa mkwe mtu anakwenda na nini? Na zawadi! Nani amewahi kwenda ukweni mikono mitupu? Kosa langu lilikuwa uchoyo. Karoti kumi na mbili ni aibu.

Mzee aliuliza hali ya binti yake. Nikasema ni mzima, ila uvivu.

Alhamisi, 2 Julai

Debe zima la karoti. Bonge la chumvi. Blanketi.

Blanketi ni la Efrazia, alilopewa na mama yake siku ya harusi. Hajui. Nilimfunika Umoja mgongoni nikasema maneno ya heshima. Alikula matamvua ya upande mmoja, kisha akaning'ata kiwiko. Nikampoza kwa karoti tano.

Maendeleo makubwa: sasa hangoji nifike. Akisikia hatua zangu tu, anatoa shingo nje ya mlango, meno wazi. Hii ni dalili ya mapenzi.

Jioni nilimkuta Jenoveva amemwekea gunia tupu mgongoni, analiweka na kuliondoa, analiweka na kuliondoa. Masikio ya farasi yalikuwa yamesimama mbele, ametulia tuli. Bila shaka karoti zangu zimeanza kufanya kazi. Nikamweleza Jenoveva asiharibu. Aliuliza kama blanketi lile ni la Mama Mika, yaani mke wangu. Nikasema mvua inakuja, nikaondoka.

Mvua haikuja.

Ijumaa, 3 Julai

Siku mbaya. Mbaya sana.

Baada ya sala ya Ijumaa Mzee Mussa alikuja kukagua, amevaa kanzu nyeupe. Rubeni nyuma yake. Nilimwambia Mwenyekiti asiogope, anyooshe mkono tu, farasi amepata elimu. Mzee akanyoosha mkono. Ule mkono ulikuwa mtupu!

Umoja alishika mkono wa kanzu akauvuta hadi begani. Ngozi haikuguswa, namshukuru Mungu. Kanzu imepasuka. Nami, kwa sababu ya mazoea, nikampa farasi karoti. Mbele ya Mwenyekiti.

Mzee Mussa hakufoka. Afadhali angefoka. Alikusanya vipande vya kanzu, akasema kwamba barua kwa Bwana Nyama itaondoka leo. Bwana Nyama hatangoja tena kesho yake. Atakuwepo uwanjani siku ileile ya Saba Saba, bunduki mkononi, kwa kuwa kutakuwa na watoto. Farasi akifungua kinywa tu, basi. Rubeni alitazama upana wa mlango.

Walipoondoka nilibaki na Umoja. Alinisogeza kifuani kwa pua, kwa nguvu, akitafuta. Pua yake ina joto. Sikuwa nimemtazama vizuri kabla: ana kovu jicho la kushoto, na ngozi inamtetemeka hata nzi akitua. Nilifika hapa kwa ajili ya cheo. Sasa nikifumba macho naiona bunduki, wala cheo sikioni. Naogopa. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna anayesoma.

Kisha akaning'ata kifua.

Jumapili, 5 Julai

Kanisani mchungaji alihubiri juu ya kiasi. Sikusikiliza, nilikuwa natafuta njia. Wakati wa sadaka nikaipata: aliyeshiba haumi! Nitamshibisha kuanzia leo mpaka Saba Saba, asiwe na nafasi ya kuuma hata akitaka.

Madebe mawili. Alikula yote, bila kuning'ata hata mara moja. Nikaimba.

Saa saba alilala chini. Nikaona vizuri, apumzike. Halafu akainuka, akachimba ardhi kwa kwato, akalitazama tumbo lake mwenyewe, akalala tena akabiringika. Jasho likamtoka katika baridi ile. Macho yakawa mengine. Nikampa karoti ya kumpoza. Akaikataa.

Hapo nilijua.

Nilikimbia kwa Jenoveva hadi kiatu kimoja kikabaki matopeni. Alikuja na kamba. Alimwinua, akaanza kumtembeza kuzunguka uwanja wa banda, pole pole, bega kwa bega, bila kumruhusu alale. Ukungu ulikuwa mzito, wakawa wanapotea upande ule na kutokea upande huu. Kila walipopotea nilifikiri hawatarudi.

Aliniuliza amekula ngapi. Nikasema chache. Akazunguka mara nyingine, akaniuliza tena. Nikasema madebe mawili. Hakunitukana. Alisema, "Baba Mika, unamlipa kwa kuuma. Akiuma anapata. Wewe ungeacha?"

Sikuelewa alikusudia nini, ila niliona ana uchungu.

Saa nane. Saa tisa. Saa kumi. Nililia, tena kwa sauti. Rubeni alifika, akasimama karibu nami, hakucheka. Alileta maji ya uvuguvugu kwenye ndoo. Nitalazimika kumfikiria upya, jambo linaloniudhi.

Saa kumi na moja Umoja alisimama, akainua mkia, akashusha mzigo. Sijawahi kushangilia mavi maishani mwangu. Leo nimeshangilia, mimi na balozi wa nyumba kumi tumeshikana mikono.

Jenoveva alichukua karoti zote zilizobaki. Aliniambia nisiguse zizi hadi atakaponiita. Nikasema ndiyo. Amenizidi umri? Hapana. Nilisema ndiyo.

Jumatatu, 6 Julai

Nimekaa juu ya jiwe siku nzima, mbali, kama mtu aliyefukuzwa shule. Umoja alinitazama asubuhi, akatoa meno. Hakuna karoti. Akatoa meno tena. Hakuna. Kufika mchana alikuwa amechoka kunionyesha, akarudi kwenye majani yake.

Jenoveva alimwekea shogi tupu. Akangoja. Kabichi moja kila upande. Akangoja. Mbili. Masikio yakilala nyuma anasimama tu, anatazama mlima. Yakirudi mbele anampapasa shingo, anaendelea. Kazi ya nusu saa ameifanya kutwa. Ningekuwa nimemaliza mapema zaidi, lakini sikuitwa.

Jioni ndipo akaniita. Alisema angependa amwongoze yeye mwenyewe, ila jina langu liko kwenye ratiba iliyopelekwa wilayani, na ratiba haibadilishwi. Basi nitembee kwenye bega la farasi, macho njiani, mikono chini. Nisimgeukie. Nisiwe na karoti hata kipande. Akanikagua mifuko, yote minne.

Koti langu lina mfuko wa ndani. Hakuujua.

Ni karoti moja tu, tena ndogo. Siwezi kwenda mbele ya bunduki mikono mitupu.

Mama wa Mponde amefika kwa lori la chai. Nimemsalimu nikiwa nyuma ya mlango. Ameulizia blanketi.

Jumanne, 7 Julai. Saba Saba

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Saa tano. Jua limetoka. Bendera, kwaya ya usharika, watoto wa shule mistari mitatu, mgeni rasmi kwenye kiti cha mlowezi. Pembeni, peke yake, Bwana Nyama, kaki iliyopigwa pasi, bunduki imelala mapajani. Alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Sikupenda jinsi alivyokuwa na raha.

Tulitoka zizini, mimi begani kwa Umoja, kabichi ishirini mgongoni mwake. Hatua mia mbili. Nilizihesabu. Kufika hatua ya mia na ishirini mambo yalikuwa mazuri. Nikaanza kutabasamu kwa watu.

Hatua ya mia na thelathini Umoja akanusa koti langu.

Shingo ikageuka. Masikio yakaenda nyuma, nyuma kabisa. Niliona meno kwa pembe ya jicho. Bwana Nyama aliweka muhogo chini, akafuta vidole, akasimama. Nikasikia bunduki ikikokiwa. Watoto wakarudi nyuma. Nikasema moyoni, mpoze, mpoze upesi, na mkono wangu ukaanza kwenda kwenye mfuko wa ndani, na uso wangu ukaanza kumgeukia.

Ndipo watu wakagawanyika katikati na Mama wa Mponde akatoka, kanga mpya, moja kwa moja hadi mbele yetu, hatua tatu, kuja kumwona mkwewe mwenye cheo.

Mwili wangu ulifanya wenyewe. Miaka kumi na tisa ya adabu! Macho chini. Uso pembeni. Bega mbele. Mikono ikashuka, mitupu, ikafungana. Nikapisha hatua moja, nikaganda.

Akanisalimu, onga mshi. Nikaijibu ardhi. Na salamu za Kishambaa hazina haraka. Aliuliza hali ya nyumbani. Ya watoto, mmoja mmoja. Ya kifua changu. Ya viazi. Ya mvua. Pumzi ya farasi ilikuwa shingoni mwangu, ya moto, na bunduki ilikuwa mahali fulani nyuma yangu, nami nasema tumshukuru Mungu, viazi ni vizima. Sikuweza kugeuka. Sikuweza kuingiza mkono kotini mbele ya mkwe. Sikuweza lolote. Nilisimama, nikangoja kung'atwa, nikangoja mlio.

Akauliza hali ya ng'ombe. Hatuna ng'ombe. Nikasema hajambo.

Efrazia ndiye aliyeniambia yaliyotokea juu ya kichwa changu. Anasema masikio yalirudi mbele, kwanza moja, kisha la pili. Umoja akashusha pumzi ndefu. Akaweka kidevu chake begani mwangu, akakiacha pale, kama mtu aliyechoka.

Uzito ule niliusikia. Sikujua ni nini. Nilidhani nimekufa.

Mama wa Mponde alimaliza salamu zake, akapita. Tukatembea hatua sabini zilizobaki. Kabichi ishirini, hakuna iliyodondoka. Makofi, vigelegele, mgeni rasmi akasimama. Bwana Nyama alitoa risasi kwenye bunduki, akaulizia muhogo wake. Nililia tena. Siku hizi nimekuwa mtu wa kulia.

Mzee Danieli alikuwepo, ameletwa kutoka Gare. Alicheka hadi akajifuta machozi, akanishika mkono mzima, akasema ndivyo, ndivyo alivyoniambia, kama mkwe! Nikamjibu kwamba nimefuata maneno yake bila kupunguza hata moja. Zawadi ilikuwa mfukoni muda wote. Ndiyo iliyomtuliza, kwa harufu tu.

Mzee aliacha kucheka.

Alhamisi, 9 Julai

Kamati imekaa. Umoja anabaki kijijini. Rubeni ndiye aliyetoa hoja, akasema viazi vyake atavijengea pengine. Tukaendelea na cheo. Nilisimama tayari kupokea. Msimamizi wa Usafiri wa Kijiji: Jenoveva.

Nilikaa.

Nimelifikiria sana. Nadhani wameona kazi ile ni ndogo mno kwangu. Jenoveva anastahili kutiwa moyo, si mvivu kama watu wengine walivyokuwa wakisema.

Kabla ya kufunga kikao Mzee Mussa alitangaza kwamba fahali wa kijiji anakuja Jumatatu kutoka Shume. Ni mkali. Amemvunja mtu mbavu. Akauliza kama kuna yeyote anayejua mafahali. Halafu ikasikika sauti ikisema kwamba hakuna mnyama asiyesikia upole.

Nyumbani Mama wa Mponde, ambaye bado yupo, aliuliza kupitia kwa Efrazia kama bado nina cheo. Nikamjibu kupitia kwa Efrazia kwamba nimepandishwa.

Jioni nilikwenda kumuaga Umoja, Jenoveva akiwa ameenda kisimani. Alikuwa ametulia kweli. Nilisimama mbele yake, nikamtazama machoni, nikanyoosha mkono na ile karoti ya Saba Saba. Anaistahili.

Nimeagiza madebe matatu kwa ajili ya Jumatatu. Fahali naye ni mkwe, ila ana pembe, kwa hiyo zawadi iongezwe. Mkono mtupu haulambwi. Mwandiko wa leo si mzuri kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto.